Kasha la njumu kwa ajili ya rubani aliyetangulia: tathmini ya karakana moja ya Mji Mkongwe

Kasha lina urefu wa sentimita 60, upana 35 na kimo 35 bila miguu. Mbao ni mvule, unene sentimita 2. Njumu za shaba, ile misumari ya pambo yenye vichwa vipana, ziko kwenye mfuniko na uso wa mbele, na kufuli moja ina funguo mbili. Limeundwa katika karakana ndogo ya Mji Mkongwe, Unguja, kwa oda ya mafundi na marubani wa ndege kongwe waliofiwa na mwenzao. Marehemu alikuwa mrushaji wa ndege za mabawa mawili, zile za mbao na kitambaa zilizosanifiwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Mwenyezi Mungu amrehemu, awape subira aliowaacha. Humo ndani vimekusudiwa kukaa vitu vyake vya kazi: logibuku (daftari la safari na saa zake za kuruka), kofia ya ngozi, miwani ya upepo, skafu, na barua za rambirambi zilizotoka kwa watu wa viwanja vingi.

Tuseme mapema: ufundi wa mkono ni mzuri sana, mbao hazikukauka inavyotakiwa, na ipo huduma moja ambayo karakana haiitangazi popote, nayo ndiyo sababu kubwa ya kuwapelekea oda ya namna hii. Waliofiwa hupewa nyundo wakagonga njumu wenyewe. Nyota nne kati ya tano. Moja imepotea kwenye mfuniko, na sababu inaelezwa hapa chini.

Mtu wa Unguja hahitaji kuelezwa kasha ni nini. Ndimo zilimokaa doti za kanga za bibi, hati za shamba la mikarafuu, dhahabu ya harusi. Mengi ya zamani yaliletwa na majahazi ya kaskazi kutoka Bara Hindi, ndiyo maana mengine mpaka leo huitwa kwa majina ya Surat na Bombay. Ya siku hizi huundwa hapa hapa, na sehemu kubwa huuzwa kwa wageni: mepesi, yamepakwa rangi ya chai yaonekane ya kale, njumu zake ni vichwa vitupu vilivyobandikwa kwa gundi. Hilo ni pambo la sebuleni. La kutunzia vitu vya mtu kwa miaka hamsini ni lazima uliagize, ukae na fundi, mkubaliane ubao kwa ubao.

Karakana hii ina aina tatu za mbao: mvule, msaji na mfenesi. Msaji ndio ghali na ndio unaotulia kuliko yote. Mfenesi huanza na rangi ya njano inayopendeza, halafu hukolea kuwa kahawia kadiri miaka inavyokwenda. Haupasuki ovyo ukichongwa, na kwa bei ndiyo chaguo la watu wenye mfuko mdogo. Mvule uko katikati: mchwa hawaupendi, uzito wake unavumilika, na unashika msumari vizuri. Jambo la kukagua kwenye mvule ni ile sehemu nyeupe ya pembeni ya gogo. Moyo wa mti ndio wenye kinga, weupe ule hauna, na wadudu wa mbao huanzia hapo. Geuza kila ubao kabla haujakatwa. Ukiona ukanda mweupe ukingoni, mwambie fundi auondoe wote, hata kama ubao utakuwa mwembamba na italazimu kuunganisha vipande viwili. Katika kasha hili ukanda wa kiasi cha upana wa kidole ulibaki upande wa chini, kwenye sakafu ya kasha, mahali ambapo jicho halifiki lakini mdudu anafika.

Kosa kubwa ni ukavu. Wiki sita baada ya kukabidhiwa, kona ya nyuma kushoto ya mfuniko imenyanyuka milimita 3, na ukiufunga usiku ukawasha taa ndani, mwanga unaonekana. Sababu yake si ya ajabu: ubao uliingia kazini ukiwa bado na maji, ukapigiliwa ukashikwa pande zote nne, kisha ukaanza kusinyaa. Mbao husinyaa kwa upana, kwa urefu karibu hazibadiliki, basi kilichofungwa kikakosa pa kwenda kikapinda. Kuna kipimo ambacho hakihitaji mtambo. Chukua ubao mmoja wa oda yako, upime kwenye mizani ya dukani, andika uzito kwa kalamu juu ya ubao wenyewe, uache kivulini penye upepo siku saba, upime tena. Ukipungua, bado unatoa maji, na kasha lisianzwe. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, ubao unaweza hata kuongezeka uzito kwa unyevu wa hewa, kwa hiyo kipimo hicho kifanywe ndani ya nyumba, si kwenye ua. Mwenye nafasi ya kungoja aagize wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na mvua chache.

Dawa ya pili ni ya umbo. Usikubali mfuniko wa ubao mmoja uliopigiliwa kwenye fremu. Omba ubao wa katikati uingie kwenye mfereji wa fremu bila gundi, ukiachiwa milimita 2 kila upande wa kupumulia. Fundi anaijua kazi hii, ndivyo anavyounda milango, ila huwa anaiepuka kwenye makasha kwa sababu inamla siku nzima zaidi. Mlipe hiyo siku.

Ndani ya kasha asipake kitu. Hapa wateja wengi huteleza, kwani kasha linalong'aa ndani linaonekana limekamilika. Vanishi mbichi hutoa mvuke kwa wiki kadhaa, na mvuke huo ukifungiwa na karatasi unazigeuza rangi. Mafuta ya kitani ni mabaya zaidi ndani ya kasha lililofungwa: hubaki yananata, hunuka, hutoa asidi. (Na kwa faida ya karakana yoyote: matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yakikunjwa na kutupwa kwenye rundo hupata moto yakajiwasha yenyewe. Yaanikwe yametandazwa nje, au yatiwe kwenye ndoo ya maji.) Nje paka utakacho, ndani mbao ibaki mbao, kisha itandikwe marekani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, iliyofuliwa mara mbili kwa maji moto kuondoa wanga. Watu wa karakana walipendekeza kitambaa kizito cha sufu chekundu, cha kifahari kweli, lakini sufu hutoa salfa kidogo kidogo, na salfa hiyo hutia weusi shaba na fedha. Walipoelezwa walikubali bila kinyongo, na marekani waliishona vizuri, imebanwa kwa vijiti vya mbao bila tone la gundi.

Sasa njumu. Nenda na sumaku ndogo mfukoni. Njumu ya shaba tupu haivutwi. Ya chuma iliyochovywa shaba huvutwa, na kwa hewa yetu ya chumvi itaota kutu, kisha kutu hiyo ikikutana na maji ya asili ya mbao inaacha alama nyeusi isiyotoka kwa msasa wala kwa randa. Katika oda hii sumaku ilipita juu ya njumu zote kabla ya kugongwa, na tatu zilikataliwa. Fundi alizibadilisha palepale, naye akasema wazi kuwa hununua kwa kilo na mchanganyiko hutokea. Bawaba zilikuwa safi. Skrubu za bawaba hazikuwa: nne kati ya kumi na mbili zilishika sumaku. Watu wengi hupima njumu wakasahau skrubu.

Ukingo wa mbele wa mfuniko una sentimita 60. Ukianza sentimita 1 kutoka pembeni, ukaacha sentimita 2 kati ya njumu na njumu, unapata njumu 30 kamili. Hesabu hiyo imeangukia pazuri, kwa sababu juzuu za msahafu nazo ni 30, na katika hitima kila aliyekuja huchukua yake akaisoma. Wenzake wa marehemu waligawana vivyo hivyo: aliyesoma juzuu ya kwanza aligonga njumu ya kwanza kutoka kulia, na kuendelea hadi ya thelathini. Hakuna anayesema jambo hili ni la dini au ni la lazima. Ni njia ya kumfanya kila mmoja awe na mahali pake kwenye kitu kimoja, na mjane au mtoto akiuliza baadaye, ipo orodha ndogo ndani ya mfuniko inayoonyesha mkono wa nani ulipita wapi.

Namna kazi inavyokwenda ni hivi. Fundi hutoboa matundu yote mapema kwa keekee. Msumari wa njumu una unene wa milimita 2, tundu liwe milimita 1.5, na kina chake kiwe pungufu kidogo ya urefu wa msumari ili ncha ijishikie penyewe. Bila tundu mvule utapasuka karibu na ukingo, na shaba, kwa ulaini wake, itapinda kabla haijazama. Msumari huchovywa kwenye nta. Juu ya kichwa huwekwa kipande cha ngozi, nyundo iwe ndogo, mapigo yawe mepesi matatu au manne. Pigo moja la nguvu linabonyeza kichwa, na kichwa kikibonyea hakirudi. Katika kasha hili njumu ya 11 na ya 24 zina vibonyeo. Karakana ilijitolea kuzibadilisha, wenye kasha wakakataa, na walifanya vyema. Vibonyeo vile ndivyo vinavyoonyesha kuwa waliogonga hawakuwa maseremala.

Nani aanze? Hapa ndipo huduma hii inapostahili kusifiwa, na hapa ndipo wanaoagiza wanatakiwa wafikirie kabla hawajafika dukani. Aanze fundi wa ndege aliyesaini karatasi ya mwisho ya matengenezo. Kwenye ndege kongwe uhusiano wa fundi na rubani ni wa karibu kuliko watu wa nje wanavyodhani. Chukua Tiger Moth, ndege ya mafunzo ya Uingereza iliyoruka mara ya kwanza tarehe 26 Oktoba 1931, ambayo toleo lake lililoenea lina injini ya Gipsy Major ya nguvu-farasi 130. Haikuundwa na stata ya umeme. Mtu husimama mbele ya pangaboi, humuuliza rubani kama swichi zimezimwa, husubiri jibu, huzungusha pangaboi ili mafuta yaingie, huomba swichi ziwashwe, husubiri jibu tena, ndipo huvuta kwa nguvu akirudi nyuma. Maneno hayo machache, ya kuulizana na kujibiana, mara nyingi ndiyo ya mwisho rubani kuyasikia akiwa chini. Rubani akifa, aliyekuwa mbele ya pangaboi huanza kuyarudia kichwani usiku na mchana. Na watu, bila kukusudia ubaya, huacha kumwita. Hawajui wamwambie nini, basi hawamwambii kitu, naye anaona kimya hicho kama hukumu.

Kumpa nyundo mtu huyo kwanza, mbele ya wenzake wote, kunasema jambo ambalo maneno ya pole hayalifikishi. Karakana ililielewa hili upesi. Mwenye karakana, mzee wa makamo, hakuuliza nani ni nani. Alisogeza kigoda, akaliegemeza kasha kwenye mfuko wa mchanga lisicheze, akamwonyesha mahali pa kushika, akaenda zake kuchemsha kahawa. Kahawa chungu na haluwa vilitolewa bure. Nafasi ni finyu, watu sita tu wanaingia kwa raha, wengine husubiri barazani, kwa hiyo watu 30 huchukua karibu saa tatu. Wapange kwa makundi ya watano.

Muda uliochaguliwa ulikuwa saa 4 asubuhi mpaka Adhuhuri, na muda huo ndio sahihi. Desturi yetu ya kulala matangani ni nzuri, inamshika mkono aliyefiwa, lakini rubani anayekesha msibani halafu asubuhi akaenda kazini anabeba hatari nyingine juu ya huzuni. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi wa akili kwa kiwango kinachokaribia cha mlevi mwenye alkoholi ya asilimia 0.05 kwenye damu, na yeye mwenyewe hajioni. Wenye kazi ya kuruka waje mchana, wasome, wagonge njumu yao, warudi majumbani kabla ya Isha. Viongozi wa hanga, yaani banda la ndege, nao wasione haya kusimamisha ndege. Mei 2024 Spitfire, ndege ya kivita ya Vita Vikuu vya Pili, ilipoanguka karibu na Coningsby, Uingereza, na rubani wake akafa, kikosi kinachotunza ndege hizo kilisitisha kuruka kwanza. Kusimama si udhaifu. Fundi mwenye machozi machoni hukaza nati mara mbili akasahau ya tatu, kwa hiyo katika siku hizo kila kazi ikaguliwe na mtu wa pili, hata ile ambayo kwa kawaida haihitaji.

Tuje kwenye yaingiayo kasha, maana hapa karakana haiwezi kukusaidia, ni kazi ya watu wa ndege.

Logibuku isilale wazi. Itie kwenye chombo cha plastiki kigumu cha kuhifadhia chakula, chenye mfuniko wa mpira unaobana, pamoja na gramu 50 hadi 100 za silika, zile chembe za kunyonya unyevu, kisha chombo hicho ndicho kiingie kasha. Kasha la mbao hupumua hata liwe zuri vipi, na ukungu wa ngozi na karatasi huota unyevu wa hewa ukipita kiasi cha asilimia 65, kiwango ambacho Unguja tunakipita kwa urahisi. Silika ile inayobadilika rangi ndiyo bora. Ikishabadilika, itandaze kwenye sinia, itie kwenye oveni ya jikoni kwa joto la nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, itarudi. Kofia ya ngozi ijazwe karatasi nyeupe laini isikunjike, isipakwe mafuta ya nazi wala ya aina yoyote. Kofia nyingi za zamani zina mipira ya kusemea, ile mirija ambayo mwalimu na mwanafunzi walizungumzia kabla ya redio. Mpira huo ukizeeka hunata, huchafua ngozi, na hutoa salfa ileile inayoharibu shaba. Uvuliwe, uwekwe peke yake kwenye mfuko wa pamba.

Kipande cha kitambaa cha bawa ni zawadi ambayo kila mtu hutaka kuitia. Uliza kwanza kimepakwa dopi gani, ile rangi ya kukaza kitambaa cha bawa. Dopi ya zamani ya naitreti hushika moto haraka sana, na ikizeeka hutoa mvuke unaokula karatasi na shaba. Kitundikwe ukutani ndani ya fremu, kisifungiwe na logibuku.

Lakini kitu ambacho hakitakiwi kuingia kabisa ni saa na vipimo vya zamani vyenye namba zilizokuwa ziking'aa gizani. Vingi vya miaka ya 1930 na 1940 vilipakwa rangi yenye radiamu, elementi inayotoa mionzi. Mng'ao unakufa baada ya miaka kadhaa kwa kuwa kemikali inayotoa mwanga huchakaa, ila radiamu yenyewe ipo: nusu-maisha yake ni miaka takriban 1,600. Hutoa gesi ya redoni, na kasha lililofungwa chumbani ndipo gesi hiyo inapojikusanya, kisha mtoto anafunua akainamia. Usikifungue kipimo hicho, usikisugue, usikipe familia. Kikabidhiwe kwa wanaoruhusiwa kutunza vitu vya mionzi.

Kwa harufu, watu watakuletea kafuri na karafuu. Kafuri iache, wengi wetu harufu yake inatupeleka moja kwa moja kwenye kuosha maiti, na anayefungua kasha la mumewe hahitaji hilo. Karafuu inapendeza na ni yetu, ila mafuta yake hutia madoa kwenye ngozi na karatasi, na hulainisha baadhi ya plastiki. Chache, ndani ya kifuko cha kitambaa, kwenye kile kisanduku cha pembeni chenye kifuniko chake. Kisanduku hicho, kwa njia, ndicho sehemu iliyoundwa vizuri kuliko zote: kifuniko kinakaa bila bawaba, kwa pini mbili za mbao tu, na kinafunguka kwa kidole kimoja.

Kabla ya kutia chochote, kuna ruhusa mbili. Ya kwanza ni ya warithi. Vitu vya marehemu ni mirathi tangu alipokata roho, hata kama vilikuwa kabati la hanga na wewe ndiye mwenye ufunguo. Kusanya, andika orodha, kabidhi. Wao wakisema vitiwe kwenye kasha, ndipo vitiwe. Zanzibar mambo ya mirathi yana njia yake, kupitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana na Mahakama ya Kadhi, na orodha yenye saini za watu wawili huwarahisishia sana. Kasha lenyewe, kwa kuwa limenunuliwa na wenzake baada ya kifo, si mirathi. Ni hiba, basi iandikwe karatasi fupi inayosema amepewa nani. Bila karatasi hiyo ndugu wanaweza kuja kuvutana juu ya kitu kilicholetwa kwa upendo.

Ruhusa ya pili inahusu kifo kilichotokana na ajali. Kipande chochote cha ndege, hata skrubu, na kumbukumbu zozote za matengenezo na za safari ni ushahidi mpaka wachunguzi watakapoviachia. Kiambatisho namba 13 cha Mkataba wa Chicago, ule mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinasema lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama wala dhima. Mkumbusheni yule fundi wa ndege maneno hayo kila siku. Kama logibuku imechukuliwa, kasha lisubiri, na kibao cha shaba chenye jumla ya saa za kuruka kisichongwe kwa kukisia. Jumla huhamishwa kwa mkono kutoka ukurasa hadi ukurasa, na kosa la kuhamisha hujificha miaka. Ijumlishwe upya na watu wawili.

Uchongaji wa picha ya ndege uwe na mchoro. Sampuli iliyokuwa karakana ilikuwa ndege ya abiria ya siku hizi, gurudumu puani. Ndege kongwe za mabawa mawili hukalia mkia. Peleka mchoro wa ubavuni wa ukubwa uleule utakaochongwa, uonyeshe nguzo na nyaya kati ya mabawa, na usajili herufi kwa herufi: 5H ni ya Tanzania, 5Y ya Kenya, na zile za zamani zenye VP-K ni za Kenya ya ukoloni. Wazee wetu hapa wanazikumbuka Dragon Rapide, zenye injini mbili, ambazo East African Airways ilianza nazo sita mwaka 1946. Picha za wakati huo ni mfano mzuri wa kumpa mchongaji. Aya isichongwe juu ya mfuniko. Kasha hukaa chini, watu hulikalia, watoto hulipanda. Kama familia inataka dua, iandikwe kwenye karatasi na ibandikwe ndani, upande wa juu.

Malipo ni nusu mwanzo na nusu siku ya kuchukua. Omba bei iandikwe kwa mafungu matatu, mbao, shaba na ufundi, ndipo utajua unachopunguziwa ni nini. Muda ulioahidiwa ulikuwa wiki tatu, ukawa tano. Kwa mjane aliye kizuka hakuna haraka, eda ni miezi minne na siku kumi, na kasha halifai kupelekwa siku ya tatu nyumba ikiwa imejaa watu. Lipitie kwa kaka yake au mama yake, pamoja na funguo zote mbili.

Kwa wanaolipeleka Pemba: mbao peke yake ni kama kilo 14, ukiongeza shaba na vilivyomo linapita kilo 15 ambazo ndege ndogo nyingi huruhusu kwa abiria. Lipande meli, limefungwa blanketi kisha turubai, mfuniko ukiwa umefungwa kamba na si kufuli tu, maana kufuli ikigongwa hupinda ulimi wake. Chombo chenye logibuku kitolewe, kibebwe mkononi.

Kwenye safu ya mbele ya kasha hili njumu ni 29. Tundu la saba kutoka kulia liko tupu, limezibwa kwa nta. Mwenzao mmoja hakuweza kuja siku ile, alifika hadi barazani akarudi. Njumu yake imefungwa kwenye karatasi, imewekwa ndani ya kile kisanduku cha pembeni pamoja na kipande cha ngozi cha kugongea, na karakana imesema siku yoyote atakayokuwa tayari watampelekea nyundo mpaka nyumbani, bila malipo.